Muswada wa Kwanza wa Marlys Ostrander

Katika bunge letu la jimbo kuna mchezo mmoja ambao haumo katika kanuni yoyote. Mbunge mpya akileta muswada wake wa kwanza, tunamchezea. Tunamuuliza maswali ya kipuuzi, na kura ikifunguliwa kila mtu anabonyeza kitufe chekundu. Ubao wa kura ukutani unawaka nyekundu wote, mgeni anakaribia kuzimia, kisha tunacheka na kugeuza kijani mmoja mmoja. Muswada wangu wa kwanza ulihusu mbwa waliopotea, na nilibwekewa na watu wazima waliovaa tai. Sijawahi kuona muswada wa kwanza ukianguka.

Zamu ya Marlys Ostrander ilifika mwezi wa tatu, theluji ikiyeyuka kwenye ngazi za nje. Kwetu hatukai kwa vyama, kwa hiyo yeye wa chama tawala na mimi wa upinzani tulikuwa tumepakana meza. Alikuwa mwalimu mstaafu wa somo la uraia, na alikuwa na tabia ya kunisahihisha nikikosea tarehe, jambo ambalo silipendi hata kidogo.

Muswada wake ulitaka kuanzisha Shule Kuu ya Uraia na Uhuru wa Kusema ndani ya chuo kikuu cha jimbo. Chuo chenyewe kiko mjini kwangu, na maprofesa walikuwa wamenikalia kooni. Leo wanasiasa wanatujengea shule, walisema, kesho watatuchagulia cha kusema humo ndani. Nilikubaliana nao, na bado nakubaliana nao. Lakini kuna kitu kilinitekenya: mama huyu hakuwa mtu wa fujo, sasa aliacha bustani yake na wajukuu wake kwa ajili ya nini? Asubuhi ile nikamkuta anamenya chungwa mezani pake, nikamuuliza.

"Mwalimu, hebu niambie ukweli. Hiki kitu kakupa nani?"

"Hakuna aliyenipa. Mwaka wangu wa mwisho kufundisha, niliwaambia watoto tujadili sheria ya bunduki. Kimya. Nikawaambia basi andikeni. Wakaandika, Bwana Krantz, kurasa kwa kurasa! Halafu wakaniomba nisisome kwa sauti. Wote. Hata wale waliokuwa na mawazo mamoja."

"Na dawa yake ni sisi kutunga sheria?"

"Sijui. Una dawa nyingine?"

Swali hilo lilinikera mpaka kikao kilipoanza.

Mchezo ulianza vizuri. Mbunge mmoja mkulima, wa viti vya nyuma, alisimama akauliza kama shule hiyo itafundisha kukamua ng'ombe. Mwingine alitaka kujua kama uhuru huo wa kusema unamhusu na mama mkwe wake, maana huyo hahitaji sheria. Mama mmoja wa upande wetu akauliza kama wanafunzi wataruhusiwa kumwambia kocha wa mpira wa kikapu kwamba timu ni mbovu. Marlys aliwajibu wote bila kutetereka, na ukumbi ukampenda.

Nikasimama mimi. "Mheshimiwa, katika shule yako, mtu ataruhusiwa kusimama na kusema kwamba shule yenyewe haikupaswa kuwepo?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alivua miwani akanitazama.

"Mheshimiwa Krantz, unatania au unauliza?"

Nilikuwa natania. Lakini macho yale yalinifanya nijione mwanafunzi aliyeitwa mbele, nikasikia mdomo wangu unasema, "Nauliza."

"Basi jibu ni ndiyo. Huyo ndiye anayepaswa kusikilizwa kwanza."

"Muswada wako hausemi hivyo."

"Ni kweli, hausemi. Andika maneno, uyalete kama marekebisho. Nitayakubali."

Kicheko kikakatika. Dale Huffaker, kiongozi wa chama chake, alishuka mbio kutoka kiti chake akainama mezani kwetu. Hakujali kwamba mimi niko pale.

"Marlys, kaa chini. Kura zinatosha, zimezidi mbili tu. Nina watu watatu wasiotaka kuwasikia hao maprofesa. Ukiongeza neno moja, wanatoka. Fanya hesabu mwenyewe."

"Nimeifanya."

"Sasa?"

"Sasa nikikataa, Dale, nitakuwa nimemdanganya huyu bwana mbele ya watu wote. Kwa muswada wa uhuru wa kusema! Ningeuita nini?"

Huffaker alinitazama kana kwamba nimemwibia gari. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Niliandika kwamba kila mwaka masomo yataanza kwa kumpa nafasi mtu anayeipinga shule hiyo, naye asikatizwe mpaka amalize. Spika aliyasoma, Marlys akayakubali, yakapita kwa kura ya sauti.

Kura ikafunguliwa. Ubao ukawaka nyekundu wote kama desturi inavyotaka, lakini waliocheka walikuwa wachache. Kijani kikaanza kujitokeza, kikaongezeka, kisha kikasimama. Wale watatu walikunja mikono vifuani. Sisi wa upinzani nyekundu yetu ilikuwa ya kweli tangu mwanzo. Ilipungua kura moja.

"Kuna mheshimiwa anayetaka kubadili kura?" Spika akauliza, nyundo mkononi.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kijani, na naapa sikukipeleka mimi. Niliwafikiria maprofesa wangu, na jinsi watakavyonichuna. Nikawafikiria wale watoto na kurasa zao. Marlys akainama upande wangu.

"Usithubutu kunionea huruma, Wendell."

Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu la kwanza. "Ni kitufe tu, Mwalimu."

"Unaitaka shule hii?"

"Siitaki."

"Basi toa mkono hapo."

Nikautoa. Spika akagonga nyundo, muswada ukaanguka.

Hakuna aliyejua la kufanya. Baada ya muswada wa kwanza huwa tunapiga makofi, na mtu mmoja alipiga mawili akaacha. Huffaker alitupita akaelekea mlangoni. Watu wakatoka kwenda kula, ukumbi ukabaki na sisi wawili. Nilikuwa nimeshinda, lakini niliumia kuliko nilivyotarajia.

Yeye akageuza kiti chake, tukatazamana.

"Haya. Kwa nini shule hii isiwepo?"

"Mwalimu, twende tukale kwanza."

"Darasani kwangu hawakunijibu. Na wewe unakimbia?"

Basi nikamwambia. Nikamwambia kwamba anayejenga jukwaa ndiye anayechagua wa kupanda. Kwamba bunge likishaonja kuunda shule, litataka kuonja na mitihani. Kwamba watoto wake walinyamaza kwa kuogopana wao kwa wao, na woga wa namna hiyo hauondolewi kwa kura zetu. Nilisema mengi, mengine makali. Mara mbili midomo yake ilifunguka, na mara mbili akaifunga mwenyewe. Hakunikatiza mpaka nikamaliza.

"Nusu ya hayo ni kweli," alisema, akajifuta macho kwa kiganja. "Sasa nyamaza. Zamu yangu."