Njia ya Kufika Kwenye Tanuru

Wendell Haugen alikuwa amepiga magoti sakafuni akifunga furushi la majarida ya treni ndogo za mfano kwa kamba ya katani, na kidole chake kimoja kilikuwa kimenaswa ndani ya fundo. Akakichomoa. Fundo likalegea, jarida la juu likateleza na kujifungua lenyewe kwenye ukurasa wenye picha ya daraja la mbao.

"Usilitazame," alijiambia.

Akalitazama. Lilikuwa daraja zuri, lenye nguzo nyembamba kama njiti za kiberiti, na mtu aliyelitengeneza alikuwa ameandika kwa subira namna alivyolipaka rangi ya kuzeeka. Wendell alipomaliza kusoma, goti lake la kushoto lilikuwa limekufa ganzi. Akalichukua jarida lile, akaliweka kwenye rundo la vitu vya kubaki.

Alikuwa mtu wa utaratibu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa tarishi, akisambaza barua kwenye vilima vya mji wa Duluth, na hakuwahi kuingiza barua kwenye mlango usio wake. Kwa hiyo asubuhi ile alichora mistari ya chaki sakafuni na kugawa sehemu tatu: vya kubaki, vya kugawa, vya kutupa. Sasa rundo la kubaki lilikuwa limemfika kifuani. La kugawa lilikuwa na jarida moja tu, kwa sababu alikuwa na nakala yake nyingine. La kutupa lilikuwa na kitabu cha matangazo ya mbegu za bustani, na hicho kilikuwa cha mkewe.

"Wendell!" Sauti ya Marlys ilishuka kutoka juu ya ngazi. "Umefika kwenye tanuru?"

"Naliona!"

"Kuliona, hata jana uliliona. Nauliza umelifikia?"

Wendell alikaza fundo. Tanuru la kupashia nyumba joto lilikuwa kule mwisho wa chumba hiki cha chini, nyuma ya majarida, na tangu theluji ya kwanza lilikuwa likikohoa kama mzee anayetaka kusema jambo. Jumatatu fundi alikuja. Alikuwa mtu mwenye tumbo lake. Akajaribu kupita katikati ya marundo kwa mbele, akajaribu kwa ubavu, akakwama, na Wendell ikabidi amvute kwa mkanda wa suruali. Fundi alijipangusa vumbi, akamwambia Marlys kwa adabu, "Mama, ama karatasi zitoke, ama nitoke mimi." Akatoka yeye. Angerudi kesho asubuhi, na akikuta njia imezibwa tena, zamu nyingine ingekuwa baada ya Krismasi.

Marlys alikuwa akipika na koti mwilini. Dada yake Inez aliishi Arizona, mahali ambapo watu hulalamikia jua, na sanduku la safari la Marlys lilikuwa limesimama kando ya mlango wa jikoni, limefungwa, limejaa.

"Fundi akirudishwa kesho, naondoka naye," alikuwa amesema. "Usiwe na wivu, ni lifti tu mpaka uwanja wa ndege. Theluji ikiyeyuka nitarudi."

Marlys alikuwa mtu wa utani, lakini utani huu ulikuwa na tiketi. Tiketi ilibanwa kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye umbo la kichwa cha treni, na Wendell alihisi sumaku ile ilichaguliwa makusudi. Hakuwa na maneno mengi, ila alijua kwamba hataki kupitisha baridi yote akiwa peke yake na tanuru, liwe zima au bovu.

Mchana Toivo Kangas akafika kusaidia. Aliwahi kuendesha winchi bandarini, na walikuwa pamoja katika chama cha treni ndogo tangu wote wawili walipokuwa na nywele. Akairudisha pikapu yake kinyumenyume hadi mlangoni, huku nyuma kumefunikwa turubai.

"Shemeji, mbona umevaa kofia ndani ya nyumba?" alimuuliza Marlys.

"Nimezoea. Nangoja kwapa zigande nikupe barafu ya kinywaji."

Toivo akashuka ngazi haraka.

"Sheria ni moja tu," Wendell alimwambia. "Hakuna kufungua."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ukifungua umekwisha."

"Na majalada?"

"Unaona, unapita. Kama unavyopita mtu unayemdai... hapana, kama anayekudai."

Wakaanza. Kwa muda ilisikika kamba ikikatwa na pua zikivutwa. Kisha upande wa Toivo kamba ikaacha kusikika. Wendell akageuka. Toivo alikuwa amekaa juu ya ndoo, miwani puani.

"Toivo!"

"Lilifunguka lenyewe, bwana. Hebu ona, miti ya misonobari kwa kutumia nywele za brashi ya viatu. Ulishawahi kuitengeneza?"

"Bado."

"Jarida hili ni la zamani kuliko mwanao."

"Nilikuwa nangoja nafasi."

"Umestaafu!"

"Nafasi ya mezani, siyo ya muda."

Hilo lilikuwa kweli. Meza ya treni ilizunguka chumba kizima: mji wenye kanisa, gati la kupakia chuma ghafi, na pembeni karibu na tanuru, mlima wa plasta uliokuwa mzito kama mlima. Chini ya meza palikuwa na majarida. Kando yake pia. Mahali pekee pasipo na majarida palikuwa ni reli zenyewe, na hapo ilikuwa kwa sababu treni ingegonga.

Toivo akageuza jalada, akatoa macho. "Wewe! Hili lina jina langu!"

Kibandiko cha anwani kilikuwa pale pale: T. Kangas.

"Uliliacha kwenye meza ya bure," Wendell alisema.

Meza hiyo ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa la Walutheri, mlangoni, kila chama kilipokutana. Mwanachama aliyebanwa na mkewe alileta sanduku, akaliacha pale kwa huzuni, kisha kwa kuwa mikono ilikuwa mitupu, akabeba la mwenzake. Wake, akiwamo Irja wa Toivo, walihesabu masanduku yanayotoka. Hakuna aliyehesabu yanayoingia kwa mlango wa nyuma.

"Irja ndiye aliniambia niliache. Moyo wangu haukuliacha." Toivo akaliingiza ndani ya koti lake.

"Rudisha hapo. Umekuja kutoa au kuchukua?"

"Nikilichukua si limetoka?"

Wendell akafikiri, akaona hoja ile haina kosa. Akanyanyua mafurushi mawili na kuelekea kwenye gari.

"Acha, acha!" Toivo alimkimbilia. "Nitapakia mimi. Mgongo wako huo."

"Mgongo wangu una nini?"

"Unaonekana umechoka kwa nyuma."

Wendell alikwishainua ukingo wa turubai. Chini yake kulikuwa na masanduku, yamepangwa vizuri, na juu ya kila moja umeandikwa mwaka kwa kalamu nene.

"Toivo. Hivi ni nini?"

Toivo alitazama theluji. Alitazama buti zake. "Irja anajua nimeyapeleka kwenye kituo cha karatasi chakavu."

"Na ukweli?"

"Ukweli nilipita pale getini. Nikaona ile mashine inavyotafuna. Wendell, inatafuna kama ng'ombe! Nikasema, rafiki yangu leo anatoa vyake, basi kwake kutakuwa na nafasi."

Wendell hakumlaumu. Alijitafutia neno la kumlaumu, akakuta hata yeye angefanya vilevile, ila asingeandika miaka kwa tarakimu kubwa hivyo. Wakapakia mafurushi juu ya masanduku, wakarudi chini.

Sasa njia ilikuwa imefunguka hadi hatua chache kutoka kwenye tanuru. Kizuizi kilichobaki pale kilikuwa bunda moja nene, lililotokeza njiani kutoka chini ya pembe ya mlima.

"Hili ndilo lililomkwamisha fundi," Wendell alisema. "Shika huko. Moja, mbili..."

Bunda likatoka.

Mlima ukaguna.

Kichwa cha treni kilichokuwa kimeegeshwa stesheni kikaanza kutembea bila umeme. Kikapita kanisa, kikapita gati, kikashika kasi, kikaruka ukingo wa meza na kutua juu ya lile jarida moja la kugawa. Wendell alijitupa chini ya pembe ya meza na kuiweka begani. Toivo naye akaingia kwa upande wa pili.

"Mguu wa hapa uko wapi?" Toivo aliuliza, uso umeiva.

Wendell akakumbuka, na kukumbuka kwenyewe kulimuuma kuliko bega. Miaka mingi nyuma majarida yalimzidi, na mguu wa meza ulikuwa ukimzuia kupanga bunda moja sawasawa. Bunda lilikuwa limefika hadi kwenye mbao. Basi akachukua msumeno.

"Niliukata."

"Ulikata mguu wa meza ili upate mahali pa kuweka magazeti?"

"Lilikuwa linatosha kabisa."

"Wewe si mzima."

"Wewe una miaka sita ya majarida chini ya turubai."

"Minane," Toivo alisema, na mlima ukashuka kidogo.

Marlys alishuka ngazi, kofia kichwani, mwiko mkononi. Aliwaona wazee wawili wamejikunja chini ya mlima, mmoja kila upande, kama wanaoomba msamaha.

"Naona mmefika," alisema.

"Marlys, mpenzi, lile bunda. Turudishie lile bunda."

"Lipi? Hili?" Akalisukuma kwa mguu, likazidi kwenda mbali. Akainama, akachukua jarida la juu, akavuta ndoo, akakaa.

"Shemeji, kwa hisani yako," Toivo alisema.

"Ngoja kwanza. Nimeishi na vitu hivi miaka yote sijasoma hata kimoja. Nami nataka kuonja." Akafungua, akapitisha kidole. "Matangazo. Matangazo. Mwanamume na ndevu zake. Ahaa. 'Jinsi ya kutengeneza mguu imara wa meza yako kwa jioni moja.'"

Chini ya mlima Toivo alimkodolea Wendell macho.

"Kuna na mchoro," aliendelea. "'Mguu ni moyo wa meza. Mjenzi asiyejali mguu atajuta.' Wendell, hii umewahi kuisoma?"

"Mara nyingi."

"Na?"

"Ni makala nzuri sana."

Marlys alicheka mpaka kofia ikamteleza. Wendell hakuweza kucheka kwa sababu ya uzito, lakini alifurahi kuisikia sauti ile chini huku, ambako ilikuwa haijashuka muda mrefu.

"Bega langu linaaga, shemeji," Toivo alisema.

Marlys alisimama, akapima kwa macho kutoka sakafuni hadi kwenye mbao. Akapanda juu. Walimsikia akiburuta kitu jikoni, kisha ngazini, kishindo baada ya kishindo. Akatokea na sanduku lake la safari. Akalisimamisha wima, akalisukuma kwa goti chini ya pembe ya mlima. Pakabaki uwazi wa unene wa kidole. Akatazama huku na huku, akaenda kwenye rundo la kutupa, akachukua kile kitabu chake cha mbegu na kukichomeka.

"Haya. Teremsheni polepole."

Wakateremsha. Sanduku likalia kidogo, likashika. Lilikuwa jembamba kuliko bunda, na kando yake njia ilibaki wazi.

Wendell akajinyoosha, mkono kiunoni. "Nguo zako zimo humo."

"Zote. Hata na zile sapatu za Inez."

"Kwa hiyo huwezi kwenda."

"Usijidanganye. Fundi akirudishwa kesho nalivuta sanduku langu, mlima wako ujue unakoangukia." Akamtupia lile jarida kifuani. "Hili moja libaki. Lina kazi. Mengine yote sitaki kuyaona."

"Hata rundo la kubaki?"

"Rundo la kubaki liko wapi, Wendell?"

Akatazama. Mistari yake ya chaki ilikuwa imefutika kwa kukanyagwa, na rundo la kubaki lilikuwa limesimama katikati ya njia, kati ya ngazi na tanuru, upana wa tumbo la fundi.

Aliligawa mafungu mafungu na kuyafunga kamba, akiwa amegeuzia macho ukutani. Alilibeba furushi kwa furushi hadi garini. La daraja la mbao alilitambua kwa kona yake iliyokunjwa. Akasimama nalo kwenye theluji kidogo, akalitia chini ya turubai kwa mkono wake mwenyewe. Toivo alikuwa akipanda na kushuka ngazi bila utani. Marlys aliyaona masanduku ya Toivo chini ya turubai, akaupokea ufunguo wa pikapu, akautia mfukoni mwa aproni.

"Gari linalala hapa," alisema. "Kesho mnakwenda kituoni pamoja, kila mmoja amshike mwenzake mkono getini."

"Irja nitamwambia nini?"

"Mwambie gari limekataa. Si kitu chako cha kwanza kukataa leo."

Toivo akaondoka kwa miguu, huku jarida lenye jina lake likimtoka kidogo kwenye koti. Wendell aliliona, akashuka tena chini.

Lilipobaki tabaka la chini la rundo, mikono yake ilikataa. Akachukua ubao, akaubana kwa jiliwa ili usicheze, akalifungua jarida penye mchoro wa mguu na kuchora mstari wa kwanza kwa penseli. Alipima mara moja. Akapima tena.

"Wendell! Chakula kinatoka kwenye oveni!"

"Bado sijakata!"

"Utakata kesho. Fundi anakuja wakati wa kahawa ya asubuhi, ana adabu, atakungoja. Baridi ndiyo haingoji, panda."

Akaiweka penseli juu ya ubao, kwenye mstari, asije akaupoteza. Alipokuwa akipita, aliliruka tabaka lililobaki njiani, akalisukuma kidogo kwa kisigino kuelekea ngazini, ili kesho liwe karibu kutolewa.