Nta Juu ya Ekseli

Mimi nikisema chuma kimevunjika hivi, karakana yangu yote hapa Kitale hunyamaza. Kwa hiyo Mbugua wa Saboti aliponiletea ekseli ya trekta iliyokatika vipande viwili, niliitupia jicho mara moja nikasema dereva amegonga kisiki.

"Kisiki gani, fundi? Mimi sijagonga kitu!" Khisa, dereva mwenyewe, alikaribia kulia. Mbugua akamwambia kuanzia Jumatatu hana kazi kwake.

Nikawasha grainda. Sisi hatuchomelei chuma kabla ya kukisugua kikang'aa.

"Baba, hebu zima! Ukisugua si utazifuta alama zote za mvunjiko?" Huyo ni Peris, binti yangu, anasomea uhandisi na alikuwa likizoni.

Nilikasirika, lakini nikazima. Akadondoshea nta ya mshumaa kwenye uso uliovunjika, mahali pawili: palipokuwa laini na palipoparuza. Ilipoganda akaibandua, akaikata kwa wembe ili ukingo wake uonyeshe umbo la chuma, akaipeleka Bungoma kwa shangazi yake Bilha, mwenye mashine ya fotokopi. Kesho yake akarudi na ukingo wa kila nta umekuzwa ukajaza karatasi.

"Pima, Baba." Akanipa bikari.

Nikaitembeza bikari kwenye mstari wa ukingo wa kule kunakoparuza. Sentimita thelathini na nne. Nikapunguza upana wa hatua zake kwa nusu: thelathini na tisa. Nusu tena: arobaini na tano. Na mstari ni uleule! Kila kilima kilikuwa na vilima vyake, navyo vina vyao.

"Unaishia wapi?"

"Ukizidi kukaribia, unazidi kurefuka."

Miaka thelathini nimeshika chuma, kumbe sijawahi kukiona. Niliogopa, na nilifurahi hadi nikakaa chini.

Mstari wa kule laini haukurefuka hata sentimita mbili. "Huku ufa ulitembea polepole, miezi mingi," Peris alisema. "Kule kwingine kulikatika siku moja."

"Ulianzia wapi?"

Aliweka kidole pembeni mwa ule upande laini, palipokuwa na mshono wa kuchomelea. Niliujua. Mwaka jana ekseli ililika hapo, nikapajaza kwa mkono wangu.

Grainda ilikuwa karibu nami. Dakika mbili tu, pasingebaki kitu.

Nikavitia vipande vyote kwenye gunia kama vilivyokuwa, nikampigia Khisa simu. "Njoo twende kwa Mbugua. Wewe usiseme neno, nitasema mimi."