Tarehe Yetu, Tarehe Yao

Jamhuri ya Walemko, watu wa milimani, ilikuwa na muhuri mmoja kijijini, na ulikaa kwa Maksym fundi viatu kwa sababu meza yake peke yake ndiyo isiyotikisika. Vita kuu ilikuwa imekwisha mwaka mzima uliopita. Wapolandi waliidai milima, Wacheki waliitolea macho, na Jamhuri hakuna aliyeitambua. Mjane Paraska hayo hayakumnyima usingizi. Kilichomnyima ni Seman, mwanawe wa pekee, aliyejificha darini kwenye nyasi kavu ili asivalishwe sare ya Wapolandi.

Kisha Wapolandi wakabandika tangazo darajani: atakayejisalimisha kabla ya tarehe tano Januari atasamehewa. Atakayechelewa, risasi.

Paraska alikwenda mbio kwa Maksym. Kalenda ya kanisa lao ilikuwa nyuma ya ile ya Wapolandi kwa siku kumi na tatu, na Krismasi yao ilikuwa bado.

"Tano yetu au yao?"

"Mama Paraska, nchi hii ya nani?"

"Yetu."

"Basi na tarehe zetu. Au unataka Warsaw ikupangie mpaka Krismasi? Mwache kijana ale sikukuu kwao!" Akaandika karatasi kwamba tano ni ya kanisa lao, akagonga muhuri kwa mbwembwe.

Tusimwonee Maksym peke yake. Paraska alitaka kuamini. Seman hakuwa amekula Krismasi nyumbani tangu Kaisari wa Vienna alipompeleka vitani. Basi, kwa desturi ya mkesha, akatandaza nyasi chini ya kitambaa cha meza, akapika uyoga na kabichi, akamwekea marehemu mumewe sahani. Seman alikula mpaka akafungua mkanda.

"Mama, una hakika na siku?"

"Kuna muhuri, mwanangu."

Tarehe nne, kwa hesabu yake, alimvisha shati safi, akamshika mkono mpaka darajani. Ofisa wa Wapolandi aliisoma karatasi polepole.

"Bibi, leo tarehe kumi na saba."

"Nne! Muulizeni padri!"

Askari walikuwa wameshamfunga Seman mikono. Paraska aliinua karatasi mbele ya uso wa kila mmoja wao. "Oneni muhuri!"

"Wa nchi gani?" mmoja akauliza, na hakuwa akimkejeli.

"Mama, nenda nyumbani," Seman alisema.

Paraska alipiga magoti kwenye theluji, akashika buti la ofisa kwa mikono miwili.

"Basi nipeni nirudi naye," alisema. "Mwakani nitamleta, baba. Tarehe yenu hiyohiyo. Nitamleta mapema."