Sekunde Kumi na Tisa

...kwa sababu mtu haruki sekunde kumi na tisa bure, hata mwizi wa kuku huacha manyoya, na Macharia ni kaka yake wa tumbo moja lakini shamba ni shamba, Ciku alijiambia, macho wazi, wengine wote sebuleni wakiwa wamefumba, maana Mzee Kinuthia, ndugu ya marehemu baba yao, ameanza maombi ya kufungua kikao, na Mzee Kinuthia akishika maombi chai hupoa, ...tunakushukuru Baba kwa mvua uliyoleta hapa Kiplombe..., amina, amina, anaguna Mama, na kompyuta ya Macharia iko mapajani mwa Ciku, si ndiye aliyempa mwenyewe, "Wewe ndio ubonyeze, wasiseme nimewachezea," halafu kwa sauti ya chini, "lakini bonyeza button tu, usiguse kitu ingine," aha, kwa nini nisiguse, kuna nini huko, kile kidude cha kucheza sauti amekipachika katikati ya Excel, kila sentensi ya baba na mstari wake, kila mstari na button yake, eti wazee wasikie wosia neno kwa neno, na simu iliyorekodi iliibiwa, wee, iliibiwa na nani, na sasa hivi Ciku amejaribu button ya nne, earphone moja chini ya kitambaa cha kichwa, Mungu amsamehe, baba akasema shamba hili ni la watoto wangu wawili, halafu saa ya kidude ikaruka, dakika nne na sekunde kumi na mbili, paap, nne na thelathini na moja, baba ameshafika kwa ng'ombe wa Mama, ...uwaguse na wagonjwa, Bwana, mmoja mmoja..., basi akafungua macro, yale maagizo yanayoendesha button, si alisomea kompyuta miaka miwili pale mjini, na akaiona, currentPosition = 271, sekunde hizo, ndiyo ile nne na thelathini na moja, hiyo haikujiandika, kuna mkono umeiandika, mkono uleule uliokuwa ukimlia mandazi yake njiani kwenda shule na kuapa kwa jina la Mama, na labda humo ndani baba alisema Ciku apewe upande wa barabara, labda alisema Ciku ajengewe, na yeye amebanana na watoto wawili chumba kimoja mtaa wa West Indies kule mjini, kitanda kimoja, anahesabu siku za kuinua hata mabati hapa kwao, na huyu anamkata kwa namba, shenzi, leo utanijua, akafuta 271, akaandika 252, pale iliporukia, akabonyeza.

Kikohozi cha baba, kikombe kikigonga meza, halafu mwanamke, sauti ya maringo, "Baba, mimi mambo ya shamba achana nayo, niko na maisha yangu Nakuru, mpe Macharia yote," ala, nani huyu, nani huyu mwenye mdomo, na baba, polepole, "Haya. Basi yote ni ya Macharia," kwani ni yeye, ni yeye jamani, siku ile amevaa viatu vya kisigino hataki kukanyaga matope ya zizi, mume anapiga simu kutoka Cheptiret kwamba amechoka kungoja, mume huyohuyo ambaye sasa hayupo, na alisema vile ili tu aondoke haraka, akasahau kabla hajafika barabarani, lakini Macharia hakusahau, Macharia alikaa na kompyuta akatafuta mahali hasa baba anampa yeye kila kitu, akaruka hapo, shamba libaki la wawili, na mimi nimemwita mwizi, mwizi wa nini, wa shamba lake mwenyewe?

...na wajane, Bwana, na mayatima..., akainua kichwa, na ng'ambo ya meza Macharia alikuwa na macho wazi pia, sijui tangu lini, akimwangalia yeye na kioo cha kompyuta, akatikisa kichwa kidogo, akasema kwa midomo tu, bila sauti, "Rudisha," na namba ilikuwa bado 252, kidole cha Ciku juu yake, uongo ni wake na ukweli ni wake, eka mbili za fungu lake kwenye 271, maneno yake mwenyewe kwenye 252, na wazee wawili wa kanisa wanangoja kusikia, ...na walio safarini, Bwana, na viongozi wetu..., Ciku akafumba macho kwa mara ya kwanza, akaomba kwa moyo wote Mzee Kinuthia asifike kwa amina.