Mtoto wa Tano kwenye Faili

Karatasi ilitoka kwenye printa ikiwa na watoto wanne. Sekela akaichana, akalifungua tena faili la wasifu wa marehemu baba yao, akachapa upya. Wanne. Asubuhi ile, akiwa Tunduma, alikuwa ameongeza kwa simu jina la Edina, mdogo wao wa baba mmoja, na Edina mwenyewe amekaa ubavuni pake, amevuka mpaka kutoka Nakonde na kanga yake ya msiba. "Nitasomwa kweli, dada?" aliuliza. Sekela akamwambia atasomwa.

Sasa walikuwa Vwawa, mazishi saa nane mchana, na programu ya kuoanisha mafaili ya simu na kompyuta, aliyoiandika mwenyewe na kujisifu nayo kwa ukoo mzima, ilikuwa inamuumbua. Folda ni ileile. Nafasi ipo. Ruhusa ya kuandika ipo. Kila akibonyeza, inajibu "Imehifadhiwa", bila haya.

"Kuna nini?" kaka yake Yesaya aliuliza mlangoni. "Watu wamekaa."

"Faili linasumbua, kaka. Dakika mbili."

Jina lile angeliandika upya kwa sekunde kumi, na hilo alilijua vizuri. Lakini aliandike mbele ya Yesaya, aliyeapa kwamba mtoto wa nje hasomwi? Alitaka karatasi itoke nalo yenyewe, lawama zibaki kwa mashine. Kwa hiyo akaendelea kuchimba.

Akaligundua tatizo kwenye saa. Kule mpakani simu ilikuwa imedaka mtandao wa Zambia, ikafuata saa za kule, nyuma kwa saa nzima. Alichokiandika saa tatu kikahesabiwa cha saa mbili, na Yesaya alikuwa amesahihisha nakala ya kompyuta saa mbili na nusu. Programu ikaona ya Yesaya ndiyo mpya, ikaiandika juu ya ile ya simu.

Alipoinua kichwa, Yesaya hakuwepo, wala ile karatasi ya pili haikuwepo kwenye printa. Nje, mzee wa kanisa Gwakisa alikuwa ameshaanza kusoma. Sekela akatoka mbio, akasimama nyuma ya wanawake. Edina alikuwa amekaa mkekani, shingo imenyooka, akisubiri.

"Marehemu ameacha mjane na watoto wanne..."

"Watano," alisema Sekela. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. Mzee Gwakisa akashusha karatasi. Yesaya akageuka, akamkazia macho.

"Wa tano anaitwa Edina," Sekela alisema, "na yuko hapa."