Jiwe la Mamake Murdo

Alhamisi ile nilikuwa tayari kumpiga mtu. Nasema mapema, usije ukadhani mimi ni mpole. Naitwa Achola, natunza wazee katika nyumba moja ya wazee hapa Campbelltown, Australia, mwaka wa sita sasa, na sijawahi kupaza sauti kazini. Lakini saa tatu asubuhi nilifungua droo ya Mzee Murdo, nikakuta soksi, nikakuta miwani, na jiwe hakuna.

"Liko wapi?" Murdo akauliza kutoka kitandani.

"Nalitafuta, mzee."

"Hutafuti, unapekua tu. Liko wapi?"

Ni mkali, mzee yule. Miaka themanini na sita, miguu imekufa, lakini ulimi mzima kabisa.

Jiwe lenyewe ukiliona huliokoti. Kijivu, kama donge la unga wa chapati, lenye mstari mweupe uliolizunguka. Murdo aliliokota mwenyewe kwao Uskoti, chini ya mlima unaolitazama ziwa refu jembamba lililobanwa katikati ya vilima. Maziwa hayo wao huyaita loch. Jina la hilo lake silijaribu tena, maana nikilitamka hucheka mpaka anakohoa. Kwao mtu akipanda mlima huokota jiwe chini, akafika nalo kileleni, akaliongeza kwenye rundo lililoko huko. Na wakimpenda mtu humwambia, "Nitaweka jiwe kwenye rundo lako," yaani sitakusahau.

Mamake alipokufa, Murdo aliapa kumpandishia jiwe. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Akalibeba, akapanda, na katikati ya mlima ukungu ukashuka hata viatu vyake havioni. Akarudi. Kesho yake ilikuwa siku ya safari, meli ya kuja Australia, na jiwe likaja naye ndani ya mfuko wa koti. Miaka sitini na minne jiwe la mama liko njiani.

Sasa mjukuu wake, Eilidh, mpanda milima kama babu, alikuwa anaruka kwenda Uskoti jioni hiyo hiyo. Angelipitia saa tisa alasiri, alifikishe kileleni. Na aliyeahidi kulitunza mpaka siku hiyo ni nani? Mimi.

Unielewe, Murdo alikuwa amenipandisha mlima ule mara mia bila mimi kutoka Campbelltown. Nikimwosha mgongo tunavuka lango la kondoo. Nikimfunga vifungo tuko kwenye matope, ananiambia nikanyage wapi. Nikimchana nywele tunafika kwenye kilele cha uongo, pale unapodhani umemaliza, kumbe mlima wenyewe bado uko mbele. Na akichoka kupanda, ananipa hadithi za ziwa. Kuna farasi wa maji, mzuri, mpole, anasimama ufukoni. Watoto wanampanda. Wakishampanda mikono inanata shingoni mwake, anaingia nao majini, na kesho yake yanaelea maini tu. Mimi ni mtu wa Homa Bay. Kwetu tuna ziwa lililomeza kijiji kizima kwa sababu ya uchoyo, kwa hiyo maji yenye hasira hayanishtui. Nilizipenda hadithi zake. Ole wangu, nilizipenda nikazidisha.

Nilipekua chumba chote. Chini ya godoro, kwenye pipa, ndani ya viatu. Murdo ananiangalia bila kupepesa. "Umeahidi," akasema. Neno moja tu, na lilinikera kuliko matusi.

Nikajiuliza ni nani anayeingia mle kila siku kupangusa vumbi. Chibalonza. Mama wa Bukavu, anaishi Liverpool, mji wa jirani hapa hapa Australia, sisi humwita Mama Divine kwa jina la bintiye. Mtu wa maombi, mtu wa kufunga na kukesha. Nikamfuata chumba cha kufulia nguo, nikamkuta anakunja mashuka.

"Mama Divine, umetoa jiwe kwenye droo ya Murdo?"

Hata hakukana. "Nilitoa, dada. Jana."

"Ukalipeleka wapi?"

"Kwa mto. Ile ya Liverpool, karibu na kwetu. Niliomba kwanza, kisha nikatupa katikati."

Haki ya Mungu, nilifoka. "Una wazimu wewe? Lile jiwe ni la mamake! Umeokoka mpaka akili ikakutoka? Kila kitu kwako uchawi! Kesho utaona pepo kwenye sabuni! Mzee wa watu anakufa, kitu kimoja tu anataka duniani, wewe unakitupa mtoni na Haleluya juu!"

Alingoja nimalize. Machozi yalimlenga lakini sauti yake ilitulia.

"Dada, ni wewe ulisema."

"Nilisema nini?"

"Siku ile ya chai. Ulisema ile jiwe ni ya farasi ya maji. Ulisema mzee aliiba kwa ziwa, na farasi anakuja kuitafuta, na mwenye kuigusa mkono unanata. Mimi ndiye ninaigusa kila siku, dada. Siku tatu sikulala. Nikasema basi, kitu ya maji irudi kwa maji, farasi atuache, mimi na mzee pia."

Lo! Domo langu mimi. Nilikumbuka yote. Wiki mbili nyuma, Wanjugu wa jikoni yupo, chai iko mezani, nami nimesimama katikati naigiza farasi kwa shingo na kwato. Farasi ni wa Murdo, kweli. Lakini hilo la jiwe kuwa la farasi ni chumvi yangu mwenyewe. Nililitia kwa sababu nilimwona Chibalonza ameacha kutafuna, ametoa macho, nikaona raha. Wanjugu alicheka hadi chai ikamwagika. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Je, hasira iliisha? Ng'o! Ilizidi. Nilimchukia kwa kusema kweli. Nilimchukia kwa kuniita dada wakati namtukana. Nikambamizia mlango nikatoka.

Na nilikokwenda ndiko kunakonitia aibu. Nilikwenda bustani ya mbele, pale palipomwagwa makokoto ya mapambo, nikainama kama mwizi wa mahindi. Nikapata moja la kijivu lenye alama nyeupe. Mstari haukulizunguka lote, lakini nani atajua? Macho ya mzee yenyewe hafifu. Nikaliosha kwa sabuni, nikalikausha, nikalitia mfukoni.

Saa tisa kasorobo niliingia chumbani, nikamkuta Chibalonza ametangulia. Amesimama miguuni pa kitanda, mikono ameifumbata, anamweleza mzee kwa Kiingereza chake cha kukatika kwamba alilitupa mtoni, akidhani ni la farasi wa maji. Murdo alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Kikombe kikaruka kikagonga ukuta.

"Miaka sitini na minne!" alinguruma, kisha akaporomosha lugha ya kwao, na hayo hayakuhitaji mkalimani. Alipopata pumzi akauliza, "Nani alikwambia ni la farasi?"

Chibalonza akatazama sakafu. "Nilifikiri mimi mwenyewe."

Alinificha. Mimi niliyemwita mwendawazimu saa chache nyuma. Nami nikashika kokoto mfukoni.

Eilidh akaingia, msichana mrefu, amevaa viatu vya mlima miguuni ili visijaze sanduku. "Babu, niko tayari. Lete."

Murdo akainua mkono mtupu. Na mimi, badala ya kusema neno, nikatoa kokoto langu. "Hili hapa, mzee. Limepatikana."

Akalipokea. Akalizungusha chini ya kidole gumba, mara moja, polepole.

"Hili ni la dukani," akasema.

Hapo nikavunjika. Nikasema yote, chai, chumvi, farasi, bustani. Nililia, ndiyo, na kulia kwenyewe kulinikasirisha. Nilitamani anirushie kikombe kingine. Hakurusha.

"Huyu," akamwelekezea Chibalonza kidole, "aliiogopa hadithi yetu. Hata kwetu siku hizi hakuna anayeiogopa. Wewe uliifanya mchezo, kisha ukaniletea kokoto." Akamgeukia mjukuu. "Okota lingine pale chini langoni, upande nalo. Mwambie mama langu limechukuliwa na maji. Anayajua maji, ataelewa."

Eilidh akambusu kipajini, akaondoka kuwahi ndege. Kabla sijatoka nikamsikia Murdo akisema, "Kuanzia kesho huyu ndiye ataniosha. Yule asiniguse."

Nilimwomba Chibalonza msamaha kituoni, mbele ya watu, tukingoja treni. Alisema amenisamehe, na najua ni kweli. Murdo bado. Asubuhi napita na trei ya chai, mlango uko wazi nusu, namsikia anampandisha mlima ule ule. Wamefika kwenye matope. Chibalonza anauliza, "Na farasi yuko?" na mzee anajibu kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kunipa mimi.

Eilidh alituma picha. Imebandikwa ukutani, juu ya kitanda. Nasikia inaonyesha rundo la mawe ndani ya ukungu na mkono wake ukiweka moja juu. Chibalonza ndiye aliyenisimulia, maana kutoka mlangoni haionekani vizuri.

Kokoto lile nililirudisha bustanini, katikati ya mengine. Kila nikipita kwenda kituoni nalijua ni lipi.