Nane Iliyonyolewa

Uliwaona. Leo asubuhi ulipita mbele ya duka la sarafu za zamani, ukawaona wanaume kumi na mmoja wamebanana kwenye benchi la wateja, mikono ya mashati imeungua, ukajifanya unatazama saa.

Ndani, mkaguzi alikuwa ameinamia lenzi. Mwenye duka, ambaye mtaa mzima humwita Tajiri, alitaka cheti cha sarafu kumi na moja ambazo mwaka wake unaishia na tatu. Mkaguzi alizigeuza moja moja. Kiwanda kilichozipiga kilikuwa na tatu yenye kichwa bapa. Tatu hizi zilikuwa na kichwa cha mviringo, na upande wa kushoto shaba ilikuwa imekwanguliwa kwa sindano. Kila moja ilizaliwa na nane, ikanyolewa. Na kila alipothibitisha moja, mlango ulifunguka, mtu akaingia, akafuta viatu, akakaa.

Wa mwisho alikuwa baba yake mkaguzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda, mama. Hapa hawakulishi?"

Tajiri aliwaomba wajisogeze, mteja apate pa kukaa. Wakajisogeza.

Mwaka ule ulioishia na nane, tanuri la kiwanda lilipasuka likawaua hawa kumi na mmoja. Mwenye kiwanda akaandika kwamba mashine zilisimama mwaka mzima, kwa hiyo waliokutwa ndani walikuwa wezi. Wajane wamezeeka wakiitwa wake wa wezi. Kinachoweza kumuumbua ni sarafu ya mwaka ule tu, maana mashine iliyosimama haipigi sarafu. Zilitoka chache. Tajiri, ambaye ni mkwe wa mwenye kiwanda, alizinunua nyumba hadi nyumba. Kuziyeyusha aliona hasara, kwa kuwa zenye tatu ni adimu na ghali, akazinyoa. Wewe ulimuuzia mbili, wala hukuuliza.

Mkaguzi alijaza cheti: nane iliyochongwa. Tajiri akakichana taratibu, akajaza kingine, akagonga muhuri mwenyewe.

"Dada yangu, baraza linalopitia kesi yao linataka sarafu isiyoguswa. Unayo?"

Hakuwa nayo. Alisema ana mashahidi kumi na mmoja.

"Hao hawana vitambulisho."

Mmoja kwenye benchi alikubali kwamba ni kweli, vyao viliungua.

Sarafu ziliuzwa kabla ya adhuhuri. Wanaume hawakuondoka. Baba aliuliza kama faili lao barazani limefungwa. Binti yake akamjibu kwamba bado, karani analifunga leo saa kumi, na likishafungwa, neno "mwizi" halifutiki tena mbele ya jina lake. Baba alitikisa kichwa, akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Sasa wewe. Sarafu yako nyingine, aliyoikataa Tajiri kwa kuwa imetoboka, bado iko kwenye kopo lako la vifungo, na nane yake nzima. Inuka. Usiisafishe, usiisugue. Ipeleke barazani. Saa unayo, uliitazama asubuhi.